Nani Atamkama Ng'ombe wa Ngigi?

Kila asubuhi Ngigi alimkama ng'ombe wake, akachemsha chai, kisha akafungua redio. Hakuwa mpenzi wa redio. Aliifungua ili wapita njia wa mtaa wake wa Ngoingwa wadhani nyumba ile ina watu. Mke wake alikuwa amefariki. Binti yake, Beth, aliolewa Eldoret. Upweke ulimkaba mzee huyu, lakini kwa ukaidi wake hangeutaja hata mbele ya ng'ombe.

Kisha ukaja ugonjwa. Ngigi alikuwa na homa ya ini ya aina ya B, kwa hivyo alipimwa ini mara kwa mara. Safari hii, katika hospitali moja ya Ruiru, vipimo vilionyesha saratani. Ilikuwa uvimbe mmoja, na bado ungeweza kuondolewa. Daktari alimshauri apasuliwe tumbo. Ngigi akakataa katakata. Alitaka upasuaji wa matundu madogo, basi.

Jioni, jirani yake Kaveke alikuja kuchukua maziwa. Kaveke ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Ngigi hakukusudia kumwambia, lakini habari za uvimbe na upasuaji zilimtoka.

"Sista, nitatafuta daktari mwingine. Huyu ni wa zamani. Siku hizi watu wanatobolewa tu."

"Ngoja kwanza, Baba Beth. Uvimbe uko wapi?"

"Alisema uko nyuma ya ini, karibu na mshipa mkubwa wa damu."

Kaveke akaketi. "Sikiza. Kazi ni moja, kuutoa uvimbe wote. Kwa matundu, daktari anaingiza kamera na vyombo vyembamba. Kidonda ni kidogo, uchungu si mwingi, damu haipotei sana, na mtu anarudi nyumbani mapema."

"Si ndiyo hiyo nataka!"

"Ni nzuri uvimbe ukiwa mahali panapofikika. Wako umejificha. Daktari anataka nafasi ya kuona, na kuushika mshipa haraka ukivuja. Hata tukianza na matundu, wakati mwingine inabidi tumfungue mgonjwa ili awe salama. Kuuliza daktari mwingine ni haki yako. Lakini muulize ni njia gani salama kwako. Usiende kumwambia unataka ipi."

"Na nikifunguliwa?"

"Utakaa hospitali siku kadhaa zaidi. Ukirudi, hakuna kubeba vitu vizito kwa wiki nyingi. Hakuna kubeba nyasi, hakuna kukama. Ulimwambia daktari nani atakuangalia?"

"Nilisema Beth yuko nyumbani."

"Beth anajua wewe ni mgonjwa?"

Redio ikaendelea kupayuka sebuleni.

"Sina mtu, Sista," akasema hatimaye. "Mgonjwa wa matundu anarudi akijifanyia kazi. Ndiyo maana." Machozi yakamlengalenga, akaona haya.

"Haki, Baba Beth! Mimi nikipita hapo nje nasikia sauti, nasema mzee ana wageni, nisimsumbue. Ungeniambia."

Ngigi akainamisha kichwa. Kumbe redio yake ndiyo iliyokuwa ikifukuza watu.

Jioni hiyohiyo akampigia Beth simu. Beth alilia, akamgombeza, kisha akaomba likizo kazini. Ngigi akarudi Ruiru na kumwambia daktari ukweli. Daktari alimweleza tena hatari za kila njia, bila haraka. Ngigi akakubali kufunguliwa.

Uvimbe ulitoka wote. Kidonda kilikuwa kirefu, na kilimuuma kwelikweli. Beth alimuuguza mpaka likizo ikaisha. Kisha Kaveke akawa anapika, na mumewe, Kyengo, akashika kazi ya zizini. Kyengo hakuwahi kukama maishani mwake, na ng'ombe alilijua hilo. Kyengo alipigwa teke, maziwa yakamwagika, na Ngigi akacheka huku akishika kidonda chake. Bado huenda kupimwa, maana saratani inaweza kurudi.

Asubuhi moja Kyengo alitoka zizini akasimama mlangoni, akitega sikio.

"Mzee, redio yako iliharibika?"

"Haijaharibika," Ngigi akasema. "Keti, tunywe chai."