Haraka ya Kudura na Nywele za Mwanaupe

Wenzangu wa Musoma, nanyi wa Bunda na Butiama mliokuja mnadani, vuteni mikeka mkae. Nina habari ya nyumba moja, na naomba msicheke kabla sijamaliza, maana anayecheka leo pengine kwake kuna mtoto anayekimbilia uvunguni akiona kitana.

Siku hizo bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea bomani. Hapo mjini Musoma aliishi Hasani, fundi cherehani, pamoja na mkewe Mwanaupe na binti yao Tabu wa miaka saba. Dada yake Hasani, jina lake Kudura, aliishi nao pia, na kazi yake ilikuwa ususi.

Ilikuwa nyumba tulivu. Asubuhi Hasani alikanyaga cherehani barazani, na kando yake Kudura alitandika mkeka na kupokea vichwa. Nasema vichwa kwa sababu ndivyo alivyosema mwenyewe. "Leo vichwa vitano kabla ya adhuhuri," alijigamba, na kweli alikuwa amevimaliza. Hapakuwa na msusi mwepesi kama yeye kuanzia Bweri mpaka ufukweni. Wanawake waliinuka mkekani macho mekundu, lakini misuko imenyooka, basi nani angelalamika? Aliyelia alipewa jibu moja tu: "Urembo unaumaga, mama. Vumilia."

Kichwa alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha wifi yake. Nywele za Mwanaupe zilifika mabegani, nyeusi, nzito, na kila Ijumaa Kudura alizisuka upya. Hasani akimwona mkewe amemaliza kusukwa, alitoa uzi mdomoni na kusema, "Leo nimeoa tena." Wote watatu walicheka, na Tabu naye alicheka bila kujua kilichochekesha.

Homa ilimshika Hasani siku ya Jumatatu. Alhamisi akazikwa.

Kudura alimlilia kaka yake mpaka sauti ikamkauka. Kisha akainuka, akajifunga kibwebwe, akachukua usukani wa msiba. Aliona hakuna wa kumlindia marehemu heshima ila yeye. Mwanaupe alipoingia eda, Kudura alimsuka misuko ya twende kilioni ya harakaharaka, akamfunga kitambaa cheupe juu yake.

"Hiki usikifungue," alimwambia. "Na chanuo usiguse mpaka eda iishe."

"Hata kuchana tu, wifi?"

"Mjane hachanagi. Kila mtu anajua."

Kila mtu anajua! Ndugu zangu, muogopeni sana mtu wa neno hilo. Kudura hakuwa amemuuliza mwalimu yeyote wa dini. Alikuwa amesikia kisimani, na aliyemwambia kisimani alikuwa amesikia sokoni.

Mwezi wa pili wa eda kichwa kilianza kumwasha Mwanaupe kiasi cha kukosa usingizi. Akaomba afumuliwe, aoshwe, afungwe tena. Kudura akamtazama juu mpaka chini.

"Unataka kujipambia nani?"

Neno lile lilimchoma Mwanaupe kuliko muwasho. Tangu siku hiyo hakuomba tena. Kudura aliuona ukimya ule akadhani ni utiifu, akafurahi kwamba anaiendesha nyumba vizuri.

Miezi minne na siku kumi zikatimia. Siku ya kutoka eda watu walialikwa kwenye hitima baada ya alasiri, na mchele ulikuwa tayari unachambuliwa uani. Mwanaupe akaoga, akavaa kanga mpya, akakaa mkekani chumbani. Kudura akaja na kitana chake cha meno membamba.

"Saa moja tu nitakuwa nimekumaliza," alisema.

Akafungua kitambaa, akajaribu kufumua misuko. Mikono yake, iliyozoea kukimbia, ikasimama. Nywele zilizong'oka zenyewe katika miezi ile hazikuwa na pa kwenda. Zilibaki mle mle ndani ya misuko, zikajisokota na zilizo hai, zikawa mabonge makavu. Msusi mwenye busara angeona hapo kwamba siku imeshaharibika, akaomba radhi na kuanza taratibu. Lakini Kudura alisikia sauti za wageni wa kwanza barazani. Akakichomeka kitana kwenye shina la nywele, akavuta kwa nguvu zote.

Kulisikika sauti ya kitu kinachochanika. Mwanaupe akapiga ukelele mmoja, akajiziba mdomo kwa kanga. Kwenye kitana lilibaki bonge la nywele la ukubwa wa yai, na juu ya sikio la kushoto ngozi ilikuwa nyekundu, tupu.

Tabu, aliyekuwa mlangoni, akaanza kulia. "Shangazi, unamuua mama!"

Kudura alilitazama bonge lile. Lakini mtu mwenye kiburi akiharibu, hukimbilia kuharibu kilichobaki ili kosa lisionekane. Akatoa wembe.

"Hizi haziponi tena," alisema. "Nikunyoe zote, zitaota upya."

Mwanaupe akageuka. Macho yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti haikutetemeka.

"Mume wangu ameenda na cherehani yake imenyamaza. Kwenye mwili wangu alichokuwaga anakisifia ni kichwa hiki. Ukininyoa leo, Kudura, jioni hii namchukua Tabu naenda Bunda kwa mama, na hapa hutatuona tena."

Hakumwita wifi. Alimwita Kudura. Na Kudura alijua kwamba wakiondoka wawili hao, kwa kaka yake hapatabaki mtu.

Wakati huo ndipo hodi ilipopigwa. Alikuwa Pelagia, mke wa Thadeo mvuvi wa kisiwa cha Rukuba, ambaye wote walimwita Mama Alfonce. Alikuwa amevuka kwa mtumbwi na tenga la samaki aina ya ningu kwa ajili ya hitima, maana Hasani alikuwa akimshonea nguo za kwendea kanisani. Akaona nywele sakafuni, akaona wembe, akaweka tenga chini.

"Mnafanya nini?"

"Zimefungamana," alisema Kudura. "Hazichaniki."

"Kwa kuvuta namna hiyo hazichaniki kweli." Pelagia alikaa mkekani bila kuombwa. "Sisi kule Rukuba wavu ukijisokota hatuuvutagi. Ukivuta, fundo linakaza, uzi unakatika, kesho samaki wanapita. Unaulowesha kwanza. Halafu unatafuta mwisho wa uzi, unaanzia pale. Mlenda mnao?"

Mlenda ulikuwapo jikoni. Pelagia akauponda, akauroweka kwenye maji ya vuguvugu, akayachuja mpaka yakawa mazito, yanateleza. Akamlowesha Mwanaupe kichwa chote, akamfunika kwa kanga.

"Sasa tungoje," alisema.

"Tungoje nini? Wageni wamejaa!" Kudura alikaribia kulia.

"Wageni wamekuja kusoma hitima au wamekuja kukagua kichwa?"

Kudura akauweka wembe chini. Basi Mwanaupe akaenda kwenye hitima amejitanda kanga, watu wakasoma, wakala wali wa watu, wakaenda zao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza chini ya kanga mna nini. Wageni walipokuwa wakiondoka, Kudura akamfuata mwalimu Muharami, aliyeongoza dua, akamuuliza kwa sauti ya chini kama mjane akiwa edani anakatazwa kuchana nywele.

"Amekatazwa pambo na manukato," mwalimu alisema. "Kuoga na kuchana ni usafi. Nani alikuambia vinginevyo?"

"Watu."

"Watu gani?"

Kudura hakuwa na jina hata moja la kumtajia. Miezi minne alikuwa amemtesa mke wa kaka yake kwa sheria isiyokuwepo, na mlango wa mwalimu ulikuwa hatua mia kutoka kwake.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Alirudi chumbani akapiga magoti mbele ya Mwanaupe. "Wifi, nimekukosea. Nilifunga kichwa chako kwa ujinga wangu, na leo nimekiumiza kwa kiburi changu. Nisamehe." Mwanaupe hakumfukuza.

Kazi ilichukua siku tatu. Pelagia alilala hapo hapo, akamwachia Thadeo apike mwenyewe huko kisiwani. Alishika fungu dogo la nywele, akalibana kwa vidole karibu na ngozi ili mvuto usifike kichwani, akaanza kuchambua kutoka nchani, kidole kwa kidole. Vidole vikishapita, ndipo akatumia chanuo la mti lenye meno mapana, kidogo chini, kidogo juu zaidi, mpaka likafika shinani bila kukwama. Fundo likikataa, aliliongezea maji ya mlenda na mafuta ya nazi, akahamia jingine. Kudura alikaa pembeni akishika bakuli. Msusi wa vichwa vitano kabla ya adhuhuri, siku tatu anashika bakuli! Siku ya kwanza aliona aibu. Siku ya pili alianza kutazama vidole vya Pelagia. Siku ya tatu alikuwa anaona fundo lilipoanzia kabla Pelagia hajaligusa.

Jioni ya siku ya tatu likabaki fundo moja, kisogoni, baya kuliko yote. Pelagia akanyoosha mkono kulishika, Mwanaupe akamzuia.

"Hilo mwachie wifi yangu."

Kudura alisikia neno wifi, machozi yakamtoka. Akanawa mikono. Akalowesha, akatafuta ncha, akaanza. Jua lilizama, taa ikawashwa, naye bado alikuwa kwenye fundo lile lile, hasemi, havuti. Lilipofunguka, Mwanaupe alikuwa amesinzia magotini pa Kudura.

Mafunzo ya habari hii

Ndugu zangu, Mwanaupe hakwenda Bunda, ingawa juu ya sikio palikaa mwaka mzima bila nywele za kusukika, na kila Ijumaa Kudura alipaona. Si kila nyumba inapata Pelagia kwa wakati. Kwa hiyo jifunzeni kabla hamjaumizana.

Nywele zilizofungamana zisichanwe kavu, wala zisianziwe shinani. Zilowesheni, zilainisheni, anzeni nchani, vidole kwanza na chanuo pana baadaye, na mshike shina ili mwenye kichwa asiumie. Mtoto akilia, mkono wako ndio wenye kosa; usimwambie avumilie.

Na usimfunge mwenzako kwa sheria uliyoiokota njiani. Kuuliza si ujinga, na mwenye elimu yupo jirani. Hasa aliyefiwa: huyo ameshavutwa vya kutosha. Mshike taratibu.