Mwache Asimame Mwenyewe

Mwanamke mmoja alifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mikate. Wenzake walimwita Upepo, maana kutembea polepole hakukujua. Angetoa trei kwenye tanuri, apange mikate rafuni na kurudi, mwenzake bado anafunga aproni.

Mume wake alikuwa fundi cherehani. Alishonea sebuleni, na kila kitu alikifanya taratibu. "Wewe kimbia, mimi nishone," alizoea kumwambia. "Ukichana gauni, fundi yupo."

Asubuhi moja mafuta yalimwagika kwenye sakafu ya kiwanda. Upepo aligeuka na trei mikononi. Mwili uligeuka, lakini mguu ukabaki pale pale. Alisikia kitu kikikatika ndani ya goti, akaanguka. Wenzake walipomfikisha nyumbani, goti lilikuwa limeumuka kama donge la unga lenye hamira.

Wifi yake, dada wa mume, alibandika maji jikoni.

"Ni mshipa umehama tu," alisema. "Tumkande kwa maji ya moto, tumsugue kwa nguvu, utarudi."

Wakamkanda, wakamsugua. Upepo aling'ata shuka asipige kelele. Kesho yake goti lilikuwa limevimba zaidi, na mguu haukukanyagika. Ndipo mume wake alipompeleka hospitali.

Daktari alilishika goti kwa upole, akalipima huku na huku, kisha akaagiza picha ya mifupa.

"Mifupa ni mizima," alisema. "Lakini kano ya upande wa ndani imechanika kidogo. Kano ni kama kamba. Inashika mfupa wa paja na mfupa wa chini isiachane. Mlimkanda?"

"Kwa maji ya moto," mume alijibu kwa sauti ndogo.

"Msirudie. Goti likiwa bichi hivi, moto na kusugua vinazidisha uvimbe. Tumieni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa muda mfupi. Mfungeni bendeji isiyobana sana, na mguu uinuliwe juu ya mto. Apumzike, akitembea atumie magongo. Uvimbe ukishapungua, mrudi hapa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo."

Katika maneno yote hayo, mume alishika moja tu: apumzike.

Akasogeza cherehani karibu na kitanda. Akapika, akafua, akamletea mkewe maji ya kunawa. Upepo akigusa magongo tu, mume anainuka. "Unakwenda wapi? Sema, nikuletee." Uvimbe ulipungua, lakini hospitali hawakurudi. "Mtu anaumwa, akafanye mazoezi ya nini?" mume alisema. Wiki zikapita.

Kiwandani walimpa mtu mwingine kazi ya tanuri kwa muda. Habari zilimfikia Upepo asubuhi moja. Mchana, mume alipotoka kupeleka nguo ya mteja, mkewe aliweka magongo kando na kusimama. Alitaka kufika dirishani tu. Goti lililegea, akaanguka chini.

Mume alirudi akamkuta sakafuni. Akapiga magoti, akataka kumbeba.

"Niache kwanza," Upepo alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Utazame huu mguu. Umekuwa mwembamba kama wa mtoto. Unanihurumia, mume wangu, najua. Lakini mimi si kitambaa cha kukunjwa kabatini."

Mume aliutazama mguu, kisha akaketi chini pale pale, kando yake. Akasema, "Kesho twende."

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa mama wa makamo, mcheshi. Alilikagua goti, akawaambia kano ilikuwa inapona vizuri.

"Sasa mbona anaanguka?" mume aliuliza.

"Kwa sababu goti halishikwi na kano peke yake. Linashikwa na misuli ya paja pia. Misuli ikikaa bila kazi, inanyong'onyea. Umemlea vizuri, fundi. Umemlea mno."

Upepo alicheka, mara ya kwanza tangu aumie.

Mtaalamu alimfundisha kukaza paja akiwa amelala, kuinua mguu ulionyooka, na kupinda goti kidogo kidogo. Upepo alikunja uso.

"Anaumia, mama," mume alisema, tayari amenyoosha mikono.

"Kuvuta kidogo ni kawaida. Maumivu makali, au goti kuvimba upya, hapo tunapunguza. Na kama goti linakwama, au shavu la mguu linavimba na kuwa la moto, msikae nyumbani, njooni haraka. Sasa wewe nakupa kazi. Akifanya mazoezi, simama karibu naye. Usimshike mpaka akuombe."

Kazi hiyo ilimshinda fundi kuliko kushona suti. Upepo alipojaribu ngazi ya mlangoni, mume alisimama chini yake, mikono ikimwasha. Siku nyingine aliikalia ili asimshike. Kulikuwa na siku Upepo alikata tamaa, akasusa mazoezi, akanuna mpaka jioni. Mume hakumlazimisha. Kesho yake alimtandikia mkeka, akarudi kwenye cherehani yake.

Magongo yalirudishwa hospitali. Miezi ilipita kabla mtaalamu hajamruhusu kurudi kazini, na alianza kwa kufunga mikate, ameketi. Baadaye akarudi kwenye tanuri. Sakafu sasa ilipigwa deki kila mafuta yakimwagika, na yeye mwenyewe alijifunza kugeuka kwa kusogeza miguu kwanza.

Siku hiyo ya kurudi kwenye tanuri, aliinua trei, akatembea hadi rafuni. Alipoinua macho, alimwona mume wake amesimama upande wa pili wa kaunta ya kuuzia mikate, tepu ya kupimia ingali shingoni.

"Umefuata nini huku?" Upepo aliuliza.

"Nimekuja kununua mkate."

"Asubuhi nimekuachia mezani."

Mume alitazama chini, akacheka. "Basi nipe mwingine," alisema.

Upepo akaenda kumchukulia, na mume akamngoja pale kaunta, mikono mfukoni.