Ukungu wa Mama Vidole

Palikuwa na msusi, watu wakimwita Mama Vidole. Vidole vyake vilikimbia kichwani kama sindano ya cherehani. Ukikaa kwenye kiti chake, umbea haujafika katikati, umeshasukwa.

Kila akimaliza kichwa, anakipiga picha kwa simu. Jumamosi anakwenda kwa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ni dobi. Huko walikutana wapenda picha wa mtaani. Si mabingwa, watu wa hivihivi tu: mpaka rangi wa nyumba, muuza mayai, na dobi mwenyewe. Simu juu ya meza ya pasi, kila mtu anaonyesha picha aliyoipenda wiki hiyo na kueleza aliipataje. Vicheko usiseme.

Basi Jumamosi moja Mama Vidole hakwenda. Ya pili, hakwenda.

"Mmegombana na dada yangu?" mumewe akauliza.

"Hatujagombana. Kichwa tu kinaniuma."

Kichwa wapi! Picha zake zilikuwa zimeingia ukungu. Taa zimeota manyoya, nyuso zina moshi. Akasugua macho, akanawa, ukungu palepale. Na mama yake mzazi aliugua mtoto wa jicho, ikaanza hivyohivyo, kidogokidogo. Sasa msusi asiyeona atagawa nywele kwa nini? Kwa pua? Hofu nayo haina adabu. Ilifika mahali hata mvuke wa chai aliuona ugonjwa.

Dobi akaja mwenyewe.

"Wifi, umetususa? Au umepata wifi mwingine?"

"Wa nini? Wewe mmoja tu unanishinda."

"Haya, tazama picha yangu."

Mama Vidole akatazama, akaangua kicheko. "Mpaka rangi huyu! Kajipaka hadi sikioni! Na tone jingine lile kwenye kope."

"Umeliona la kwenye kope?"

"Si lile pale, la bluu."

"Haya, na zako?"

Kicheko kikakatika. Akatoa simu, machozi yanamlenga. "Wifi, macho yananiacha. Hata kaka yako sijamwambia."

Dobi akazitazama picha. "Mbona na mimi naona ukungu? Basi tumepofuka wote, tukatafute fimbo!"

Akaigeuza simu. Kile kioo kidogo cha kamera kilikuwa kinang'aa kama kipara.

"Wifi yangu, unashika simu na mafuta ya nywele vidoleni! Macho yako ni yaleyale. Picha yangu umeiona hadi kope. Jicho linaloumwa ni la simu."

Mama Vidole akakaa chini pwaa, akashusha pumzi kama aliyetuliwa gunia.

"Fanya hivi," dobi akasema. "Chukua kitambaa laini cha pamba, kisafi, kikavu. Kipumulie kioo kidogo, ufute polepole. Usikwangue kwa kucha. Usitumie nguo yenye vumbi, itakichubua."

Akafuta. Wakapiga picha nyingine. Ukungu umekwenda zake.

"Na muuza mayai anasema mteja aelekee dirishani. Akiligeuzia dirisha mgongo, uso unakuwa giza. Lakini wifi, hospitali nenda vilevile. Mama yako aliugua, na wewe usibahatishe."

Akaenda, akapimwa. Daktari akamwambia macho yake ni mazima, ila arudi kupimwa kila mwaka. Njiani kurudi alisoma vibao vyote vya maduka kwa sauti, watu wakamgeukia.

Siku hizi kitambaa cha pamba kinaning'inia kwenye kiti chake. Mikono kwanza, kioo, ndipo picha.

Jumamosi iliyofuata akarudi kwenye meza ya pasi, na mumewe nyuma. Picha aliyoileta ni ya mumewe huyo, kaelekea dirishani, anacheka. Kila unywele wa ndevu unahesabika.

"Mama weee, mvi zote hizo!" mume akaruka. "Futa, mke wangu, futa!"

"Nimeshafuta," akasema Mama Vidole. "Ndiyo maana zinaonekana."