Leo Pipa Lipi?

Asubuhi moja kijijini Ihanda, Ferista alimletea mumewe uji. Osea hakunywa. Alikuwa akinoa panga.

“Baba Fanueli, panga la nini mapema hivi?”

“Naikata kahawa. Nitapanda mahindi.”

Ferista alishtuka. Kahawa ile ndiyo iliyowavisha watoto wao. Lakini matunda yake yalikuwa yakioza mtini, meusi, kabla ya kuiva. Ugonjwa huo unaitwa chulebuni. Chulebuni, wajukuu zangu, haina huruma.

“Si juzi tu tumepiga dawa?” aliuliza Ferista.

“Tumepiga, na matunda yanazidi kuoza. Dawa gani hiyo!”

“Basi ngoja nimwite bibi shamba.”

“Mwite. Atakuta visiki.”

Ferista alitoka mbio. Bibi shamba, mtaalamu wao wa kilimo, aliitwa Marita. Aliishi jirani. Walipofika shambani, mti mmoja ulikuwa umekwisha kulala chini.

“Hodi, ndugu Osea!” alisema Marita. “Shusha panga kidogo. Nitazame, halafu ukate.”

Aligeuza jani moja, kisha jingine.

“Hapa mlipiga nini?”

“Dawa ile uliyotupatia.”

“Dawa ile ni ya buluu. Ikikauka huacha vumbi la buluu kwenye majani. Mvua haijanyesha tangu siku ile. Vumbi liko wapi?”

“Hata nguo zetu zilibaki safi,” alisema Ferista. “Nilishangaa, nikanyamaza.”

“Ndugu Osea, hebu niimbie mnavyofanya.”

Wakulima wa nyumba kumi walipiga dawa pamoja, kwa bomba moja, lenye mpira wa kuvuta dawa kutoka pipani. Waliimba kila hatua ili wasisahau. Wimbo huo walijifunza siku za mazoezi, walipotumia maji matupu. Osea akaimba:

“Mpira, pipa la mgombani! Bomba juu, bomba chini! Nyunyiza, na chini ya jani!”

“Rudia mwanzo.”

“Mpira, pipa la mgombani…” Osea akageuka kutazama mgombani.

“Pipa la mgombani lina nini?”

“Maji ya mazoezi.”

“Na dawa uliichanganyia wapi?”

Osea alikwenda nyuma ya nyumba, akafunua pipa jingine. Lilikuwa limejaa dawa, buluu tupu.

Ferista alicheka mpaka akashika mbavu. “Mume wangu, umeiogesha kahawa!”

“Na wewe uliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote!”

“Kitendawili!” alisema Marita.

“Tega.”

“Pacha wangu wamesimama uani. Mmoja anaosha, mmoja anaponya.”

“Mapipa,” alisema Osea kwa unyonge.

“Usijilaumu peke yako. Wimbo ulitaja pipa la mazoezi, nanyi nyote mkaufuata. Msitunge nyimbo mbili, mtazichanganya. Wimbo ubaki mmoja, ila useme ‘pipa la leo’. Kabla ya kuanza, mmoja aulize: leo pipa lipi? Wote wasikie jibu. Kisha nyunyizeni jani moja, mtazame rangi yake.”

“Dawa hii je?”

“Imekaa mno. Tutachanganya nyingine. Jifunikeni pua na mdomo, watoto wakae mbali. Mkimaliza, naweni kwa sabuni.”

Alasiri majirani wa zile nyumba kumi walirudi. Osea alisimama kwenye bomba, akapaza sauti:

“Leo pipa lipi?”

“La dawa!”

“Mpira, pipa la leo!”

Jani la kwanza likawa la buluu. Ferista akapiga kigelegele. Waliendelea mpaka mti wa mwisho, na wakarudia kila Marita alipowaagiza.

Matunda ya matawi ya chini hayakuokoka. Yalikuwa yamekwisha oza. Lakini ya juu yalibaki kijani, yakanenepa, yakawa mekundu.

Siku ya kuchuma, Osea alivuta tawi la juu, akalishikilia. Ferista akachuma mpaka kikapu kikajaa.

“Lete kikapu kingine,” alisema Osea.

“Kingine hatuna.”

“Basi tandika kanga, mama. Mkono umeanza kuuma, na tawi hili bado.”