Gari Lililozimwa kwa Ajili ya Picha

Wazazi wenzangu, na ninyi vijana mnaotembea na kamera shingoni kama hirizi, haya nawaandikia ninyi. Si habari za jirani. Ni za nyumba yangu mwenyewe, kwa hiyo asije mtu kuniambia nimesengenya.

Asubuhi ile kwetu kulikuwa na amani tupu. Mkwe wangu Cuiping alikuwa amekaa juu ya kitanda cha matofali, upande ule wenye moto chini yake, anamvisha mjukuu wangu Manman koti jekundu la pamba. Mtoto alikuwa ametimiza siku mia, na kwetu hiyo ni sherehe. Kwao Cuiping, mwendo wa saa mbili kwa gari, bibi mwenzangu alikuwa anatungoja na maandazi ya nyama na tambi ndefu. Mimi nilichemsha maji nikajaza themosi kubwa mpaka juu, maana maziwa ya Cuiping yalikauka alipougua, na mtoto ananyweshwa ya unga. Nje kulikuwa na baridi ya nyuzi arobaini na tatu chini ya sifuri. Hilo kwetu si la kushangaza. Unavaa, unawasha gari, unakwenda.

Sasa mwanangu Delin. Yeye ni fundi wa kujenga majiko na vitanda vya matofali, na hakuna aliyejengewa jiko naye likamtolea moshi ndani. Lakini tangu wageni wa kusini waanze kuja kupiga picha za theluji, naye akanunua kamera, basi tukakoma. Supu ikipakuliwa, ngoja kwanza. Mtoto akipiga chafya, ngoja kwanza. Tumekula vya baridi msimu mzima kwa sababu ya ngoja kwanza.

Tulipokuwa tunaingia garini akanipa betri mbili. "Mama, ziweke kwapani. Zikipoa zinakufa."

Nikamwambia, "Kitendawili."

"Tega."

"Mayai sitagi, vifaranga siangui, lakini naatamia."

"Wewe hapo na betri zangu," akasema. "Kuku ni wewe, Mama."

Tukacheka, hata Cuiping. Nakiri nilicheka. Ningejua, ningezitupa dirishani saa ileile.

Mwendo wa saa moja tukafika kwenye barabara iliyonyooka, msitu huku na huku, jua linapenya kwenye ukungu wa barafu. Delin akasimamisha gari.

"Dakika tano tu," akasema.

Alitaka picha ile wanayopiga wageni wote. Unarusha maji ya moto hewani, yanageuka moshi mweupe kama kipepeo kikubwa, na mtu anasimama chini yake. Wageni wanafanya hivyo nyuma ya nyumba waliyolala, wakimaliza wanakimbilia ndani. Sisi nyuma yetu kulikuwa na msitu.

"Maji hayo ni ya maziwa ya mtoto," Cuiping akasema.

"Nusu tu. Nusu inabaki. Mama Manman, siku mia anazitimiza mara moja."

"Hata kufa ni mara moja," nikasema mimi.

"Mama naye."

Cuiping akashuka na mtoto. Amechoka kubishana, na mke aliyechoka kubishana hufanya analoambiwa. Delin akasimamisha stendi ya kamera, akaitega ijipige yenyewe baada ya sekunde chache ili yeye arushe maji, akachungulia, akarudi kwenye gari amekunja uso. Moshi wa bomba la gari ulikuwa unaelea mbele ya kamera. Akanyoosha mkono, akazima injini.

Ndugu zangu, huku kwetu mtoto wa darasa la pili anajua kwamba baridi ikiwa hivyo gari halizimwi njiani, maana halitawaka tena. Nikamwambia, "Baba yako aliendesha gari la magogo miaka ishirini na sita. Hakuzima hata siku moja."

"Lile lilikuwa kuukuu, Mama. Hili jipya."

Mara ya kwanza alirusha maji, kamera ikafa kabla haijapiga. Akaja kuchukua betri kwangu. Mara ya pili pumzi yake ikagandia kwenye kioo cha kamera. Akavua glovu akikwangue kwa kucha, na glovu hakuivaa tena, eti kitufe hakibonyezeki nayo. Mara ya tatu akasema, "Mfunue uso kidogo, haonekani." Mara ya nne akasimika simu yake na ya Cuiping kwenye theluji zirekodi kwa pembeni, na kamera nayo ikapiga. Mara ya tano themosi ikadondosha matone tu, na simu zote mbili, yake na ya mkewe, zilikuwa zimezima kwa baridi.

Mimi mguu unanisumbua, nilikuwa nimebaki kitini. Hapo nikashuka. Nikamtazama mtoto, nikaona alama nyeupe shavuni, ukubwa wa punje ya haragwe.

"Mtie ndani ya nguo," nikamwambia Cuiping. "Ndani kabisa, ngozi kwa ngozi. Shavu lifunike kwa kiganja. Usilisugue."

Tukaingia garini. Delin akazungusha ufunguo. Gari likaguna mara mbili, likanyamaza.

"Washa, baba Manman," Cuiping akasema.

"Nawasha."

"Nimesema washa."

Halikuwaka. Mtoto alikuwa analia kwa njaa, unga wa maziwa upo, chupa ya kunyonyea ipo, maji yamegeuka theluji barabarani. Nikatoa ile betri iliyobaki kwapani, nikaidondosha chini, mahali pake nikaweka simu ya Delin ipate joto.

"Mama, hiyo betri itapoa," Delin akasema.

Nilimtazama. Mwanangu wa kumzaa. Akashuka barabarani mwenyewe, akasimama huko kungoja gari lolote lipite. Halikupita.

Baada ya muda mrefu simu ikawaka, ina chaji kidogo kama ukope. Delin akarudi garini akampigia mzee Luo, aliyefanya kazi na marehemu mume wangu na anakaa kwenye ghala la mbao upande ule. Akasema, "Baba mdogo, barabara ya msituni, baada ya daraja, gari limezima, tuna Manman." Simu ikafa. Hatukujua kama alisikia.

Mtoto alipokuwa analia sikuogopa sana. Alipoacha, niliogopa. Cuiping akawa anamchezesha kidole mdomoni, anamwita jina bila kusimama, na mimi nimewakumbatia wote wawili, na Delin amelaza koti lake juu yetu. Vioo viliganda kwa ndani tukawa hatuoni nje.

Tulisikia trekta kabla hatujaliona. Mzee Luo akafungua mlango.

"Wangapi wazima?"

"Wote, mpaka sasa," nikasema.

Akageuka akaiona ile stendi imesimama kwenye theluji. "Na huyu wa miguu mitatu? Naye abiria?"

Tukahamia kwenye trekta lake. Alikuwa na maji ya moto chini ya kiti chake. Cuiping alikoroga maziwa, na Manman alinyonya kwa nguvu hata nikaomba nikae chini, na nilikuwa nimekaa tayari. Delin alitaka kufunga mlango wa trekta, vidole vikakataa. Vilikuwa vyeupe kama mshumaa.

Zahanatini walimtibu mtoto, shavu likatoka lengelenge, likapona na doa. Delin walimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, vile ambavyo fundi hupapasia ufa wa matofali. Kamera aliiingiza nyumbani kwa kina Cuiping ikiwa ya baridi vilevile, akaiweka karibu na jiko. Ikatoka jasho kama mfuniko wa sufuria, ndani na nje, na haijawaka tena.

Picha moja ilipona. Binamu yake aliitoa, akaituma kwenye kundi la simu. Ni nzuri, sikatai. Watu wakamiminika kusifu: familia yenye furaha, mtoto mwenye bahati, tazama jua lilivyombusu shavuni.

Cuiping aliitazama. Kisha akamrudishia Delin simu.

"Hilo si jua," akasema. "Hapo alikuwa ameshaanza kuganda."

Hakurudi nasi. Alibaki kwa mama yake mpaka majira ya baridi yalipokwisha na barafu ya mto ikavunjika.

FUNZO

Sikatazi kamera. Ukisafiri kwenye baridi kali, betri ziweke kifuani, pumzi yako ielekeze pembeni, na kabla ya kuingia ndani ifunge kamera kwenye mfuko mpaka ipate joto polepole. Hayo kijana yeyote atakuambia. Yale asiyokuambia ndiyo haya: injini usizime, maji ya moto usimwage, glovu usivue, simu moja ibaki kifuani haijaguswa, na mtoto usimfunue uso. Ukiona picha inadai mojawapo ya hayo, ujue inadai kutoka kwa mtu asiyeweza kusema hapana. Msemee wewe. Mimi nilikuwa mzee kuliko wote pale, nikakaa kitini nikatoa maneno ya mdomoni tu, kumbe ufunguo ulikuwa karibu na mkono wangu.