Wanja Siku ya Upasuaji

"Macho ya mwanangu si sufuria, Naseem, eti yapakwe kila kitu!" Mama alifoka kwenye ukuta wa ua, mwiko mkononi.

"Shoga, namwonea huruma mtoto," jirani yetu Bi Naseem alijibu kutoka upande wa pili. "Wanja huu nimeutoa Madina! Kesho wanamchoma macho kwa leza, na hapa Multan mahasidi hawakosi. Akipofuka, usinililie!"

"Hachomwi mtu! Wanamrekebisha macho aache miwani, na daktari kakataza wanja."

"Bibi yako alikuwa na daktari?"

"Alikuwa na wanja, na bado alijikwaa kwa mbuzi!"

Majirani waliokuwa wakisikiliza madirishani waliangua kicheko. Nami nilicheka. Dada yangu Mahrukh, mwenye miwani minene kama kitako cha chupa, hakucheka. Neno "akipofuka" lilikuwa limemwingia.

Alfajiri nilimkuta mbele ya kioo, mkononi kichupa cha wanja alichokiomba kwa Bi Naseem kisirisiri. Macho yake yalikuwa yamekolea wanja.

"Zunaira, funga mdomo," alininong'oneza. "Ni kinga tu. Naufuta sasa hivi." Akaufuta kwa pembe ya mtandio.

Hospitalini muuguzi alimwuliza, "Umepaka chochote machoni?"

"Hapana," Mahrukh akajibu, huku akinikata jicho.

Nikisema, dada atanichukia. Nikinyamaza, je, macho yake? Mama alikuwa akivuta tasbihi, hajui lolote. Muuguzi alipomshika dada mkono kumpeleka ndani, nikashindwa kujizuia.

"Amepaka wanja! Leo alfajiri!"

Mama aliangusha tasbihi. Daktari Tahira akaja na taa yake, akamchungulia Mahrukh machoni.

"Unga wa wanja umejaa kwenye mashina ya kope," alisema. "Ungeingia kwenye kidonda cha leza, jicho lingeoza. Leo hatufanyi. Rudini wiki ijayo. Lakini kwa nini, binti?"

Mahrukh akaanza kulia. "Naogopa. Sijui mtanifanya nini."

Daktari akavuta kiti. "Ungeniuliza! Tutakutia matone ya ganzi. Kifaa kidogo kitazuia kope zisifumbe. Utatazama taa, utulie. Utasikia jicho linabanwa, na harufu kama ya nywele zilizoungua. Leza yenyewe ni sekunde chache. Ukirudi nyumbani macho yatawasha na kutoa machozi. Usiyafikiche hata kidogo! Siku za mwanzo utaona ukungu kidogo, kisha utapungua."

Halafu akaniangalia mimi, akamgeukia tena dada. "Kuogopa si aibu. Aibu ni kumficha daktari, maana yeye hutibu anachokijua. Leo ukweli wa mdogo wako umekukinga, Mahrukh."

Mahrukh hakunisemesha wiki nzima. Nilipopita, aligeuza uso.

Siku ya miadi ya pili mambo yalikwenda kama daktari alivyosema, hata ile harufu. Kesho yake, baada ya daktari kumkagua Mahrukh macho, nyumba ilijaa wageni. Mimi nilikaa nje kizingitini, nikiogopa kuingia. Kama anaona vibaya, atasema ni mimi niliyemchelewesha. Kama anaona vizuri, bado ana kinyongo.

Mlango ukafunguka. Mahrukh alisimama pale na miwani myeusi ya kukinga jua.

"Nilikuwa nakutazama kutoka dirishani," alisema. "Umekunja uso kama ndimu kavu. Yaani hata mikunjo naihesabu!"

Machozi yalinitoka.

"Usilie wewe, wa kutokwa machozi ni mimi niliyepigwa leza," alisema, akinivuta mkono. "Ingia ule, pilau inapoa."