Pamba Iliyoanguka Nje

Jua lilikuwa linazama Camille aliporudi kutoka ufukweni, na kitu cha kwanza kukiona ni pamba aliyozibia ufa wa dirisha jana usiku, imelala chini, nje. Mara ya tatu wiki hii.

Camille ni fundi wa kuziba boti. Tangu vita vya mwaka jana vimvushe ziwa kutoka Kilwa ya Kongo na binti yake Priscille, Nchelenge yote, upande wa Zambia, inamletea boti zinazovuja. Anasokomeza pamba kwenye ufa, anapaka lami ya moto, na tone haliingii. Leo kidirisha cha chumba cha kupanga kinamtoa kamasi! Ufa wenyewe hata kiganja hakipiti. Ila upepo wa ziwa unapita, na mvua inapita, na Priscille, mtoto wa miaka sita, anakohoa mpaka anashika mbavu. Mama yake alikufa kwa kifua hicho hicho. Camille hakuwa tayari kuchimba kaburi la pili.

"Mbuzi hawa wameivuta tena," alinung'unika, akiiokota.

Ilikuwa imelowa. Akainusa. Tope... tope la chini kabisa ya ziwa.

Tena upepo ulikuwa unavuma kuingia ndani. Ungeisukuma pamba ndani, si nje. Camille aliliona hilo, akakasirika badala ya kufikiri.

Alichemsha lami, akasokomeza pamba maradufu, akapigilia ukanda wa bati juu yake. Misumari saba.

"Sasa toka tuone," alisema, bila kujua anamwambia nani.

Ndani ya chumba, kikohozi cha Priscille kikanyamaza. Camille akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Felistus, mama mwenye nyumba, alikuja na sahani ya dagaa. Alipoliona bati, akasimama.

"Ba Camille. Ile fasi ya dirisha munafunga?"

"Ndiyo, bamayo. Mutoto anakohoa sana."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Juu ya nini unauliza?"

Felistus alishusha sauti. "Bwana yangu, Bwembya. Maji ilimukamata, hatukumupata. Tulimulilia mu hii chumba, bila maiti. Kila mangaribi, jua ikishazama, anatoka pale, anaenda kutafuta mwili yake. Asubui anarudia, anaivuta ile pamba inje, anaingia."

"Na hamukuniambia?"

"Ningekuambia, ungepanga?"

Camille alitaka kumfokea. Badala yake akaligeukia bati.

"Leo... alikuwa ameisha kutoka?"

Felistus alisogeza sikio karibu na bati. Alikuwa anasikiliza.

Ndani, mtu alikohoa.

Kikohozi kizito, chenye maji. Cha mwanamume.

Camille alishika bati kwa vidole akalivuta mpaka kucha zikatoka damu. Misumari saba, kazi safi, haikutikisika hata mmoja. Akaliacha, akakimbilia mlangoni. Kabla hajagusa kitasa, sauti ya Priscille ilimfikia, tulivu, bila woga wowote.

"Papa, leta blangeti ingine. Huyu bwana analowana. Anasema leo atabakia."